Sanduku la Ioni Lililopakwa Rangi

Kazi yangu ina kasoro moja ambayo miaka haijanisaidia kuizoea: napima kitu nisichokiona. Miale ninayoiundia vyombo huzaliwa ndani ya chemba ya chuma katika maabara moja ya Ulaya, nami ninakaa Nyakabiga, mtaa wa Bujumbura, katika nyumba inayotazamana na duka la unga na mkaa. Kule, leza yenye nguvu kubwa mno hupiga bamba jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Bamba hugeuka mvuke wa moto papo hapo, na upande wake wa pili huchomoka chembe zenye umeme, yaani ioni, kwa kasi ambayo hakuna risasi inayoikaribia. Yote huanza na kwisha kabla jicho halijapata habari. Anayetaka kujua ni ioni za aina gani zilizotoka, na zilikuwa na nguvu kiasi gani, hana budi kuzitegea njiani. Mimi hutengeneza mitego hiyo.

Mtego wenyewe, ukiutazama, haustaajabishi. Ni sanduku la chuma la ukubwa wa mkate. Mbele lina tundu ambamo unywele hupenya kwa shida. Ndani kuna sumaku mbili zinazotazamana, na nyuma yake sahani mbili za shaba zilizotiwa umeme. Ioni zikishapita kwenye tundu, sumaku huzisukuma upande mmoja na sahani huzivuta upande mwingine. Zenye kasi hupinda kidogo, za polepole hupinda sana, na kila aina huchora mstari wake uliopinda juu ya kipande cha plastiki kinachotoa mwanga kinapopigwa. Kamera hupiga picha ya mwanga huo. Mtu anayejua hesabu zake huitazama picha akasema: hizi ni protoni, hizi ni kaboni, na hizi hapa zilitoka na nguvu hii. Zamani tulitumia vipande vya plastiki ambavyo ilibidi vitolewe kwenye chemba baada ya kila mpigo wa leza, vilowekwe kwenye dawa kali, kisha vihesabiwe vitobo vyake kwa darubini. Leza za siku hizi hupiga mfululizo. Hakuna mwenye subira ya kufungua chemba kila mara.

Nilipomweleza shangazi yangu haya yote, alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ni ya macho." Nilikataa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeficha utaalamu wake kwa unyenyekevu, na Jumapili iliyofuata akina mama wawili walinisubiri nje ya kanisa na miwani yao mikononi. Tangu siku hiyo nimeacha kueleza. Nikiulizwa ninafanya nini, nasema ninafundisha fizikia chuoni, jambo ambalo pia ni kweli.

Lakini ukweli huo wa pili ndio ulionisukuma kwenye jambo ninalotaka kulisimulia. Nimefundisha fizikia kwa muda mrefu katika vyumba ambavyo vyombo vyake viko ubaoni tu. Wanafunzi wangu wanajua mlinganyo wa sumaku kuliko mimi nilivyoujua nikiwa na umri wao, ila wanahitimu bila kushika mkononi chombo cha kupimia kilichotengenezwa na mtu wanayemfahamu. Kwa hiyo maabara ile ya Ulaya, ambako ndiko niliposomea, ilipoukubali mchoro wangu wa sanduku, niliomba jambo moja. Walihitaji masanduku matano, ya kupangwa kuizunguka shabaha ya leza. Niliomba la kwanza litengenezwe hapa Bujumbura. Likifaulu, na yale manne mengine yatengenezwe hapa, na wanafunzi wangu wafanye kazi hiyo pamoja na fundi. Mkuu wa maabara alikubali. Dekani wetu naye aliahidi kwamba kazi hiyo ikija, atatupatia kile chumba kilichojaa viti vilivyovunjika. Basi lile sanduku moja halikuwa langu peke yangu. Ndani yake kulikuwa na chumba, na kazi, na vijana ambao tayari walikuwa wameanza kuniuliza kila Jumatatu limefikia wapi.

Fundi niliyemchagua ana karakana mtaa wa Bwiza, nyuma ya safu ya maduka ya vitenge. Ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo, aliyevuka mpaka zamani akabaki. Ana mashine kuukuu ya kuchonga chuma, na kazi yake kubwa ni kutengeneza vipuri vya mashine za kusagia muhogo, vile ambavyo havipatikani tena dukani. Nilimchagua kwa sababu nilikwisha kumwona akirudia kipuri mara tatu bila kuulizwa, kwa kuwa tu hakikumpendeza. Nilimpelekea mchoro, nikamweleza kila kipimo, tukabishana juu ya kona mbili, tukaelewana. Chuma chenyewe kilipaswa kuwa chuma laini cha kawaida, maana hicho ndicho kinachobeba vizuri nguvu ya sumaku. Sumaku zenyewe zingewekwa kulekule Ulaya, kwa kuwa ndege hazipendi kubeba sumaku kali.

Mimi mwenyewe nisingesafiri. Nilikuwa nimeomba viza mapema kabisa, na jibu lilikuwa bado "linashughulikiwa", neno ambalo kwa wanaoomba viza kutoka kwetu limepoteza maana yoyote iliyowahi kuwa nayo. Maabara ilikuwa imenitengea siku moja tu ya mipigo ya leza, na mwaka mzima ungeweza kupita kabla nyingine kama hiyo haijapatikana. Kwa bahati, mwenzangu wa idara ya kemia alikuwa anasafiri Jumamosi jioni kwenda kwenye mkutano katika nchi hiyohiyo. Alikubali kulibeba sanduku katika mzigo wake. Kule lingepokewa na mwanafunzi wa udaktari wa maabara ile, binti mtulivu ambaye nilizoea kuzungumza naye kwa video, naye ndiye angelifunga ndani ya chemba.

Ijumaa mchana nilikwenda Bwiza kuchukua sanduku. Kwa miguu, kwa sababu wiki hizo mafuta yalikuwa hayapatikani na magari yamelala kwenye foleni za vituo, hayana madereva, yana kamba tu zilizofungwa kutoka bampa hadi bampa kulinda nafasi. Nilifika nimelowa jasho. Fundi alikuwa ameliweka sanduku juu ya meza, amelifunika kwa kitambaa safi cha mezani. Aliponiona alikifunua.

Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha. Liling'aa kama sufuria ya harusi.

Niliinua kifuniko. Ndani pia. Kwenye mfereji wa kukalia sumaku, kwenye mashimo ya skrubu, kote alikuwa amepitisha brashi, tena kwa uangalifu, bila tone kudondoka.

"Papa, nani alikwambia upake rangi?"

"Hakuna mutu aliniambia, madamu. Hiyo ni zawadi yangu."

"Na ndani?"

"Ndani ndiyo ya lazima. Kutu inaanzaka ndani."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kulinikasirisha zaidi kuliko kutoelewa, kwa sababu hakukunipa mtu wa kumlaumu. Katika mji huu wenye unyevu wa ziwa, chuma kisichopakwa rangi huota kutu kabla mteja hajafika kwake. Hakuna fundi Bwiza anayejiheshimu ambaye hutoa mlango, dirisha au kipuri uchi. Mteja akiona chuma kitupu atasema kazi haijaisha, na jirani atasema fundi alikosa hata hela ya rangi. Nilikuwa nimempa vipimo vya kila kona, nikasahau kumwambia aache jambo ambalo kwake si jambo, ni adabu.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema sanduku litakaa ndani ya chemba ambayo hewa yote imefyonzwa kwa pampu, na kwamba rangi ikikaa mahali pa namna hiyo huanza kutoa mvuke wake polepole, mvuke huo ukajaza nafasi iliyotakiwa kuwa tupu, ukazizuia ioni njiani, na mbaya zaidi, ukaenda kutua juu ya vioo vya leza ambavyo hakuna mtu kule anayethubutu hata kuvipumulia.

Aliyafikiria haya, huku mafundi wawili wa karakana ya jirani wakiwa wamesogea kusikiliza.

"Kama hakuna hewa," alisema, "nani atasikia harufu?"

Wenzake walicheka sana. Mmoja akasema labda madamu anaogopa ioni zitapiga chafya. Mimi sikucheka. Nilimwambia fundi, kwa sauti ambayo baadaye sikuipenda, kwamba rangi yote lazima itoke, na itoke leo. Uso wake ulibadilika. Alikunja kile kitambaa cha mezani mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika, akasema kwamba tangu azaliwe hajaombwa kubandua zawadi. Kisha akaongeza kwamba hata kama angetaka hangeweza: ile dawa ya kuyeyushia rangi, mafundi huiita diluan, ilikuwa imemwishia kwenye kazi hiyohiyo, na esansi, yaani petroli, ambayo watu huitumia badala yake haipatikani mjini, kama nilivyoona mwenyewe njiani. Hakuna lori, hakuna diluan, hakuna esansi. Kuna rangi tu.

Nilibeba sanduku langu linalong'aa nikapita nalo duka baada ya duka la vifaa vya ujenzi, kutoka Bwiza hadi Nyakabiga. Kila muuzaji aliniambia kesho. Nilipowakumbusha kwamba kesho ni Jumamosi, walisema basi kesho mchana. Walikuwa na rangi za kila aina za kuniuzia. Mmoja alilisifu sanduku akaniuliza nani amelipaka, maana na yeye ana geti.

Jumamosi asubuhi, kama kila Jumamosi, mtaa mzima ulitoka kwa kazi za pamoja. Maduka yanafungwa, magari hayatembei, na kila kaya hutoa mtu mwenye jembe au fagio. Sijawahi kuzichukia kazi hizo. Zimesafisha mifereji ambayo ingetufurikisha. Lakini asubuhi hiyo nilisimama ndani ya mfereji nimevaa buti za mume wangu, nachota tope, wakati sanduku limekaa juu ya meza ya jikoni na ndege ya jioni inakaribia, na kila nilipoinua sepetu niliona kazi ambayo haikuwa hiyo. Jirani yangu, mama anayeuza ndizi kwenye kona, alinitazama kwa muda.

"Profesa," alisema, "sepetu si chaki. Unalipiga tope kama limekukosea."

Nilimwambia kuna mtu amenikosea, ila si tope. Alitaka kujua ni nani, kwa matumaini kwamba ni mume wangu. Nilipomweleza kwamba fundi amenipakia rangi bure, aliacha kuchota kabisa. Alisema mbele ya wote kwamba yeye mwenyewe amesubiri tangu Pasaka fundi amalizie rangi ya dirisha alilokwisha kulilipia, na hapa kuna mtu analia kwa sababu amepewa bure. Watu walicheka, na kwa macho yao mimi ndiye niliyekuwa na matatizo ya ajabu. Hilo ndilo lililonichosha kuliko tope: kukosa hata mtu mmoja pale ambaye ningemlalamikia akaelewa.

Aliyeniokoa ni mume wangu. Kazi zilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa seremala wa majeneza aliye nyuma ya shule, akijua kwamba mtu anayepaka vanishi kila siku hawezi kukosa diluan hata nchi ikose kila kitu. Alirudi na chupa nusu. Tulikaa uani, yeye akisugua nje kwa kitambaa, mimi ndani kwa mswaki na sindano ya kushonea. Rangi ilitoka kwenye pande zilizonyooka bila shida kubwa. Kwenye mfereji wa sumaku ilikuwa ngumu zaidi. Kwenye mashimo ya skrubu ilijificha kati ya hesi, ile mifereji midogo inayozunguka ndani, na kila nilipodhani nimemaliza, sindano ilirudi na kiwaa cha fedha. Nilimwambia mume wangu kwamba nimesoma miaka yote ile ili nije kuchokoa rangi kwa sindano. Alinijibu kwamba yeye ni mtumishi wa wizara na leo amefanya kazi ya maana kuliko wiki nzima iliyopita. Alisema kwa dhati. Sikuwa katika hali ya kufarijiwa.

Mwenzangu wa kemia alifika alasiri na begi lake. Alinusa hewa ya uani, akanusa sanduku, akanitazama. Yeye ni mkemia, sikuhitaji kumweleza. Aliuliza kama nina hakika. Nilisema sina, ila siku ya mipigo ni moja, na sanduku lililobaki Nyakabiga halitapima chochote. Tulilifunga ndani ya karatasi ya jikoni na mifuko miwili, akaondoka nalo.

Jioni hiyo nilimpigia yule mwanafunzi wa udaktari na kumweleza ukweli wote, rangi na sindano. Alisikiliza kwa adabu. Tulikubaliana aliloweke sanduku kwenye kiyeyushi safi cha maabara, kisha aliweke ndani ya tanuri yao kwa siku kadhaa, joto la wastani, ili chochote kilichobaki kwenye hesi za skrubu kitoke humo na si ndani ya chemba. Muda ulikuwa wa kutosha. Nililala kwa amani usiku ule, jambo ambalo lilikuwa kosa la ratiba.

Kwa maana katikati ya wiki mkuu wa maabara aliniandikia kwa furaha. Kundi jingine lilikuwa limejitoa, nafasi imepatikana, na siku yangu ingewahishwa. Aliona ananitendea wema. Nilimjibu kwa haraka kwamba sanduku bado liko kwenye tanuri. Alijibu kwamba kwa hakika limekwisha kuiva. Mtu huyu ni mwema na msomi, na nimeona kwamba wema wa aina hii, ule usiouliza kwanza, haujui bahari wala mipaka. Nilikuwa nimekutana nao Bwiza, ukanifuata hadi kule.

Siku ya mipigo nilikaa chuoni, katika ofisi yangu, kwa sababu huko mtandao una nguvu kuliko nyumbani na umeme ukikatika kuna betri ya kushikilia kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta niliona upande mmoja picha ya yule mwanafunzi akiwa chumba cha udhibiti, na upande wa pili namba inayoonyesha kiasi cha hewa kilichobaki ndani ya chemba. Namba hiyo ilipaswa kushuka. Ilishuka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi na pampu anaijua namba inayosimama mahali pasipotakiwa. Ni kama mgeni aliyekaa baada ya chakula kwisha.

"Bado, madame," alisema mwanafunzi.

Alisema hivyo tena baada ya chai yao, na tena baada ya chakula chao cha mchana. Nyuma yake nilimwona mkuu akipita, akiinama kutazama namba, akiondoka. Wanafunzi wangu wawili walichungulia mlangoni na kuuliza kama leza imeshapiga. Niliwaambia warudi baadaye. Mle ofisini hapakuwa na la kufanya. Huwezi kusukuma pampu kwa macho. Nilifungua mchoro wangu na kuutazama, mashimo yale ya skrubu, ambayo nilikuwa nimeyachora madogo na marefu bila tundu la kupumulia upande wa nyuma, na nikatambua kwamba hata pasipo rangi yangekuwa yameshikilia hewa. Nililiandika hilo pembeni ya mchoro. Hasira yangu ilikuwa imepata pa kugawanyika.

Siku ilipokuwa inaelekea kwisha, namba iliteleza. Haikufika pale tulipotaka, ila ilifika pale ambapo mkuu, baada ya kuminya midomo, aliruhusu. Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu. Kamera ilikuwa imefumbua mapema ikala mwanga wa leza yenyewe. Mwanafunzi alirekebisha. Mpigo wa pili ukaleta mstari.

Ulikuwa mwembamba, ukianzia karibu na doa la katikati na kupinda kwenda chini upande wa kulia, palepale ambapo hesabu zangu zilisema utapita. Protoni. Chini yake, hafifu kama vumbi, mistari mingine miwili ya kaboni. Chuma kilichochongwa nyuma ya maduka ya vitenge kilikuwa kimeshika sumaku sawasawa, na ioni zilikuwa zimeinama mbele yake bila kuuliza kimetoka wapi. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nilisema kwa sauti, "Haya," nikajisikia mjinga, nikasema tena.

Tulipata mipigo mingine michache. Kisha mlango wa chumba cha udhibiti ulifunguliwa na kundi la jioni likaingia likisukuma kitoroli chao, na mwanafunzi akasema samahani, muda umekwisha.

Mkuu alinipigia siku iliyofuata. Tulizungumza Kifaransa, kwa heshima nyingi. Alisema picha ni nzuri, mchoro wangu umethibitika, na masanduku yote matano yatabaki kuwa chombo rasmi cha maabara, na jina langu kwenye mchoro. Sanduku la kwanza lingeachwa ndani ya chemba, kwa kuwa sasa limekwisha kutoa mvuke wake wote na hakuna sababu ya kulisumbua. Yale manne mengine yangetengenezwa kwao. Alilisema hili la mwisho haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Nilimuuliza kwa nini.

"Chombo ni kizuri," alisema. "Karakana yenu ndiyo hatuijui."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama juu ya rangi, na kwa lawama hiyo nilikuwa na majibu. Kwa hili nilikuwa na kumbukumbu tu. Nilimkumbusha kwamba nilipokuwa mwanafunzi kwake, karakana yao wenyewe ilituletea vyombo vyenye mafuta ya mashine ndani, chemba ikachafuka, kazi ikasimama muda mrefu kuliko alasiri moja. Hakuna aliyesema karakana ile haijulikani. Ilipelekewa barua, ikajifunza, ikaendelea. Alicheka kidogo, akasema ile ilikuwa tofauti.

"Tofauti gani?"

Nilisikia upande wake mtu akiburuta kiti. Mwishowe alisema kwamba ataona la kufanya, na nilijua kwamba nikikata simu hapo hatoona chochote. Kwa hiyo nilimwambia sitasubiri aone. Mchoro ninaoshikilia sasa una mashimo ya skrubu mapya, yenye njia ya kutolea hewa, na mchoro huo yeye hana. Nitampelekea huo kwa ajili ya masanduku matatu. La nne tunalitengeneza sisi, tunalisafisha sisi, na wao watalijaribu siku yoyote yenye mwanya. Alisema sawa, bila kuahidi mpigo hata mmoja. Aliongeza kwamba nimekuwa mkali tangu nirudi nyumbani. Nilisema labda ni mafuta yaliyokosekana.

Dekani alilipokea jambo hili kama alivyolielewa. Sanduku moja, alisema, si kazi, ni jaribio. Chumba cha viti kitangoja. Niliwaambia wanafunzi wangu hivyohivyo, bila kupamba. Mmoja aliuliza kama sanduku lililoko kule linaendelea kupima. Nilisema linapima kila siku, pengine hata sasa hivi tunapoongea. Sikuweza kusoma nyuso zao kama lilikuwa limewapa kitu au limewanyang'anya.

Kisha nikarudi Bwiza. Fundi alikuwa bado ananiwekea uso wa mtu aliyerudishiwa zawadi. Nilimweleza kwamba sanduku lake limefanya kazi, na kwamba tumepewa jingine moja badala ya manne. Aliuliza kama wenye leza walijua limetoka kwake. Nilisema ndiyo, wanajua, na hiyo ndiyo shida tunayoitatua. Aliona jambo hilo halina heshima, akalikubali hivyohivyo.

Safari hii nilikuja na kigoda changu, boksi la glovu na furushi la vitambaa visivyotoa nyuzi. Nilikaa kando ya mashine yake tangu asubuhi. Nilimweleza sharti langu: hakuna kidole kitakachogusa sehemu ya ndani, kwa sababu hata mafuta ya ngozi hugeuka mvuke. Alivaa glovu kwa namna mtu anavyovaa shati la kuazima.

"Madamu," alisema baada ya saa nzima ya kuchonga, "unanichunga sawa mwizi."

"Sikuchungi wewe, papa. Nachunga sanduku."

"Sanduku haina miguu."

Jirani zake walikuwa wamesogea tena. Mmoja alimuuliza kama siku hizi anafanya kazi hospitali. Fundi alichonga, akasimamisha mashine, akavua glovu ya mkono wa kulia na kupitisha kidole gumba kwenye kona ya mfereji wa sumaku, polepole, macho yamefumba. Nilimwambia avae. Alisema kona haisikiki kwa mpira, na kwamba kama ninataka kona iliyonyooka nichague: kona au glovu. Nilisema nataka vyote viwili. Alisema vyote viwili havipo Bwiza. Nilimrudishia glovu, akaivaa, akachonga kidogo, akaivua tena na kupima kwa kidole. Niliinuka na kitambaa changu, nikafuta pale alipogusa, nikarudi kigodani. Alinisubiri nikae, kisha akawasha mashine.